Kina cha kitako cha chupa hakipimi ubora wa mvinyo

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara katika makundi ya WhatsApp ya Malindi: ingiza kidole gumba kwenye kibonyeo cha chini ya chupa ya mvinyo, kikizama chote, huo ni mvinyo bora na bei yake ni halali. Si kweli, na tafadhali usiusambaze.

Kibonyeo hicho ni urithi wa enzi za kupuliza vioo kwa mdomo. Kiliifanya chupa isimame bila kuyumba. Leo kina kazi hasa kwenye mvinyo wa mapovu, kwa sababu ya shinikizo kubwa lililomo ndani. Riesling (aina ya mvinyo mweupe) nyingi nzuri za Ujerumani huuzwa katika chupa zenye kitako karibu bapa. Watu huchanganyikiwa kwa kuwa mtengenezaji wa mvinyo wa bei ghali hupenda kuutia kwenye chupa nzito yenye kibonyeo kirefu. Kioo hicho nacho unakilipia.

Ukitaka kupima, ficha chupa. Mwenzako amimine glasi tatu, mbili za mvinyo mmoja, ya tatu ya mwingine, nawe uitambue iliyo tofauti. Rudia mara kadhaa. Kwa kubahatisha tu utapatia mara moja katika tatu.

Zote ziwe na ubaridi sawa. Hapa pwani ndipo wengi hukosea: mvinyo mwekundu uliokaa kwenye nyuzi 30 huchoma pua kwa pombe, uwe wa bei yoyote. Uweke kwenye friji nusu saa kwanza. Na chupa ambayo kizibo kimesukumwa nje, au shingo inanata, huenda imeharibiwa na joto, mrudishie muuzaji.