Saratani ya ngozi haioti bila udongo wake

Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge ameshalijua somo hili. Mbegu ya tumbaku ni ndogo kuliko punje ya ulezi. Ukiimwaga penye udongo mkavu, imepotea. Kwa hiyo kitalu hutengenezwa karibu na maji, hufunikwa nyasi, humwagiliwa kwa keni. Mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, aliieleza saratani kwa mfano huohuo: seli zake ni mbegu, na huota pale tu udongo unapozikubali.

Weka kipande cha uvimbe chini ya hadubini, utakuta seli za saratani zina majirani. Kuna mishipa ya damu iliyochipuka ovyo, kuna fibroblasti, zile seli zinazofuma nyuzi za kufunga jeraha, na kuna askari wa kinga ya mwili. Wengi wao wamegeuzwa. Makrofaji, ambazo kazi yake ni kula vijidudu na uchafu, huanza kuotesha mishipa ya kuulisha uvimbe. Seli T, askari wa kinga wanaopaswa kuua seli za saratani, hutiwa breki. Utafiti wa breki hizo uliwapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Majirani haohao huikinga saratani na dawa. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha vemurafenib, kidonge cha kuzima protini ya BRAF iliyoharibika kwenye melanoma, saratani ya seli za rangi. Uvimbe ulinywea haraka, kisha kwa wagonjwa wengi ukarudi baada ya miezi kadhaa. Mwaka 2012 watafiti walionyesha sababu mojawapo: fibroblasti humwaga protini iitwayo HGF, inayoiwashia seli ya saratani njia nyingine ya kukua. Dawa imefunga mlango wa mbele, jirani anapitisha chakula uani.

Sisi weusi, melanoma hututokea zaidi unyayoni, viganjani na chini ya kucha, na mara nyingi haina kasoro hiyo ya BRAF, kwa hiyo kidonge hicho hakitufai sana. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, ilimwanzia kwenye kidole gumba cha mguu.

Huku Tabora, ninachokihofia zaidi ni kidonda sugu. Mwaka 1986 Harold Dvorak wa Marekani aliufananisha uvimbe wa saratani na jeraha lisilopona, na ukitazama kidonda cha mguu cha miaka kumi unamwelewa: mishipa mipya, fibroblasti zisizopumzika, kinga iliyochoka. Kitalu tayari. Hata kovu la kuungua moto utotoni laweza kugeuka saratani miaka 30 baadaye, hasa likichubuka mara kwa mara.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino, jua hufanya kazi mbili: huharibu vinasaba vya seli, na hulaza kinga ya ngozi ambayo ingeziondoa seli hizo mapema. Kofia pana na mikono mirefu shambani ni tiba kabla ya ugonjwa.

Wengi huja wamemimina unga wa kapsuli kwenye kidonda kwa miezi. Angalia ukingo: ukinyanyuka na kuwa mgumu, nyama ikachomoza, damu ikatoka kwa kuguswa tu au harufu ikabadilika, nenda hospitali. Na kidonda kikipita miezi mitatu bila kupona, omba kikatwe kinyama cha kupima. Kikatwe na ukingoni. Katikati mara nyingi ni usaha na nyama iliyokufa, na majibu yanaweza kurudi safi wakati ugonjwa upo pembeni.