Siku moja Unguja: unanunua gari, boti au mdomo?

Sikukuu ikikaribia, sisi wa Dar tunaanza mjadala ule ule. Tukivuka na boti ya asubuhi na kurudi jioni, tutembee wenyewe au tulipie kampuni ya kutembeza wageni? Kila mtu ana jibu, na mengi ninayoyasikia hayajapigiwa hesabu.

"Ukienda mwenyewe, hutakuwa na mwongozaji."

Hili ndilo linalotupotosha zaidi, na msitu wa Jozani unalijibu vizuri. Kiingilio unacholipa pale mlangoni kinajumuisha mwongozaji wa hifadhi. Ufike na gari lenye kiyoyozi au ushuke kwenye daladala na mkoba wako mgongoni, atakayekuingiza msituni ni yeye. Ni mwendo wa kilomita kama 35 kutoka mjini, na daladala za Jambiani (309) na Makunduchi (310) zinapita hapo hapo. Utajua umekaribia kwa matuta ya barabarani, yaliyowekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwagonga kima punju. Kima hao asili yao ni Unguja tu. Mwulize mwongozaji kwa nini wanakula makaa: wanapenda majani na maembe machanga yenye sumu kidogo, na makaa yanawatulizia tumbo.

Kwa hiyo kwa Jozani, kampuni inakuuzia gari. Ukiwa na mama mtu mzima au watoto wadogo, gari lina thamani yake. Ukiwa kijana na mwenzako, mimi sioni sababu.

"Kwenda mwenyewe siku zote ni nafuu."

Nenda kisiwa cha Changuu uone. Boti ndogo za pale Forodhani kwa kawaida hukodiwa nzima, kwenda na kurudi. Mkiwa wawili mnabeba gharama yote. Mkijiunga na kundi la kampuni, mnaigawana na wengine. Familia ya watu wanane, kwa upande mwingine, tayari ni kundi. Hao wazungumze na nahodha moja kwa moja.

"Mwongozaji akisema, basi ndivyo ilivyokuwa."

Tukiwa bado huko huko Changuu: mwongozaji mmoja alitusimulia wafungwa waliooza kwenye vyumba vya gereza la kisiwani, mpaka shangazi yangu akatokwa machozi. Gereza lilijengwa kweli, mwaka 1893, lakini halikupata kufunga wafungwa. Liligeuzwa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Machozi ya shangazi hayakupotea bure kabisa, maana miaka ya 1860, kabla ya jengo hilo, watumwa walioitwa wakaidi waliwekwa kisiwani humo. Kobe wakubwa mnaowapiga picha asili yao ni wale waliotoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza wa huko. Soma kidogo kabla ya kuvuka, utafaidi zaidi hata ukiwa na mwongozaji hodari.

"Kutembezwa ni mambo ya Wazungu, viungo tunavijua jikoni."

Tunavijua vikiwa kwenye pakiti. Shambani kule Kizimbani au Kidichi, mtu wa Dar bila wa kumwonyesha anaona majani tu. Hiliki inazaa chini kabisa, karibu na udongo, na utaipita bila kuinama. Kungumanga na basbasi ni tunda moja: basbasi ni ule utando mwekundu unaoizunguka kokwa. Hapa unacholipia ni mdomo wa mtu na kisu chake cha kubandua magome ya mdalasini, na mimi hulipa kwa moyo mkunjufu.

Kuna suala la muda pia. Mashamba hayo yako kaskazini ya mji na Jozani iko kusini-mashariki, nazo daladala zinakurudisha mjini kwanza ndipo upande nyingine. Sisi tulijaribu kuviunganisha viwili kwa siku moja bila gari. Boti ya jioni tuliiona mgongo, tukalala kwa jamaa Kwahani bila hata mswaki. Ukitaka vyote viwili, chukua gari, la kampuni au teksi ya kutwa.

"Nikishalipa kampuni, sitoi tena."

Uliza kabla ya kutoa pesa: viingilio vimo? Chakula cha mchana je? Bei waliyokutajia ni ya mwananchi au ya mgeni? Viwango vya viingilio vinatofautiana, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa na ukitoe kabla hujatajiwa bei. Ukishuka bandarini, papasi, wale madalali wa kuwinda wageni, watakupokea kama ndugu aliyepotea miaka kumi. Si wote wabaya, ila mwongozaji anayetambulika ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Mwombe akuonyeshe, kisha ndipo mpatane.