Hakutumbukia baharini

Mwaka juzi alikuja darasani kwangu kijana aliyetoka kumaliza mkataba wake wa kwanza melini, miezi tisa, akiwa na malalamiko ambayo sikuwahi kuyasikia kwa baharia. "Ticha, kwenye redio niko vizuri. Mezani ndiko ninakokuwa bubu."

Nilimwelewa mara moja. Kiingereza cha redio ya meli kimepunguzwa makusudi. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha sentensi sanifu za mawasiliano ya melini, na ukizisoma utaona zimepogolewa hadi limebaki shina. Kabla ya kusema jambo unatangaza aina yake: "Question", "Warning", "Request". Maneno kama "may" na "could" yanakwepwa kwa kuwa yanabeba maana zaidi ya moja. Huulizi "May I enter the fairway?", unauliza "Question. Do I have permission to enter the fairway?" Namba inatajwa tarakimu moja moja, 150 ikawa "one-five-zero". Ni lugha nzuri sana kwa kazi yake, maana usiku wa ukungu hakuna anayetaka kubahatisha. Lakini ikifika saa kumi na mbili jioni, mpishi Mfilipino, injinia wa Ukraine na ofisa Mhindi wakakaa mezani kusimuliana ya kwao, sentensi hizo hazina kazi. Kijana wangu alikuwa anakula harakaharaka, anasema "good food", anarudi kabini.

Nafundisha Kiingereza watu wazima hapa Dar es Salaam, wengi wao wana safari mbele yao: mabaharia, wauguzi, mafundi wa kuchomelea, kina mama wanaowafuata waume zao Ulaya. Kwa miaka mingi nilitumia mazungumzo ya vitabuni, yale ambayo John anamuuliza Mary bei ya chumba, Mary anajibu kwa sentensi kamili, John anashukuru. Hakuna anayekatizwa, hakuna anayesahau alichokuwa anasema. Mwanafunzi anayakariri, anapata alama zake, halafu anakutana na binadamu wa kweli, na hapo John na Mary wote wawili wanamkimbia.

Siku hizi natumia rekodi za watu halisi wakizungumzia maisha ya ugenini na, hasa, kazi zisizo za kawaida. Wenzangu huniuliza kwa nini kazi za ajabu. Mwanafunzi atakutana wapi na fundi wa kutyuni piano? Pengine asikutane naye kamwe. Lakini sikiliza kinachotokea. Mwalimu akihojiwa na Mwingereza mwenzake, nusu ya mambo inarukwa, kwa sababu wote wawili wamepita shuleni. Fundi wa piano akihojiwa, mwenyeji naye anageuka mgeni. Inabidi aulize: "Hang on, what's that?" "How do you mean?" "So it's a bit like a guitar?" Na anayejibu inabidi ateremke hadi chini: "Well, it's basically a..." Hizo ndizo sentensi anazozihitaji mwanafunzi wangu kila siku ya maisha yake ya ugenini, na hazimo kitabuni, kwa sababu kitabuni hakuna asiyeelewa. Kwenye mazungumzo ya kazi ngeni, mzawa wa lugha amekaa dawati moja na sisi.

Rekodi ninayoipenda kuliko zote ni ya mzee mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, rubani mstaafu. Aliyemhoji ni mke wa jamaa yangu, Mwingereza asiyejua lolote kuhusu meli, na mzee mwenyewe aliridhia itumike darasani. Wanafunzi waliposikia rubani wakawaza ndege. Nikawakumbusha kwamba neno hili lilikuwa la baharini kabla ndege hazijabuniwa: rubani ndiye anayeingiza chombo bandarini, anayejua mkondo ulivyo na fungu la mchanga liko wapi. Kazi hiyo ipo mpaka leo, iwe Dar, Mombasa au Liverpool. Boti ndogo inampeleka ubavuni mwa meli, meli ikiwa inatembea, naye anadaka ngazi ya kamba na kupanda. Kanuni za kimataifa zinasema kimo cha kutoka majini hadi anapoingilia kikizidi mita 9, ngazi ya kamba iunganishwe na ngazi ya ubavuni ya meli, ili asining'inie njia nzima. Mzee anayaeleza hayo huku anacheka. Mama anayemhoji anaguna tu.

Alipoulizwa aliingiaje kwenye kazi hiyo, alijibu hivi:

"Oh, I sort of fell into it, really. My uncle was on the tugs, and I ended up on the pilot boat, making the tea. You'd be out there at three in the morning, freezing, and you'd think, what am I doing here?"

Nikauliza darasa: kazi aliipataje? Dada mmoja, muuguzi, akajibu kwa uhakika kabisa kwamba alitumbukia baharini, wakamwokoa, wakampa kazi. Nikamuuliza amejuaje. "Si amesema mwenyewe, fell into it. Na baridi ikampiga, freezing. Ndiyo maana wakamtengenezea chai." Kila kipande kilikuwa kimekaa mahali pake! Nilikosa pa kuanzia kumsahihisha, na darasa lilikuwa limekwishaanza kumwonea mzee huruma.

"Fell into it" hapa ni kwamba kazi ilimkuta tu, hakuipanga. "Ended up" ni "nikajikuta" yetu, na ukishaijua utaisikia kila mahali, maana watu wa ugenini wanapenda kusimulia walivyojikuta: I ended up in Leeds, I ended up marrying him. "Sort of" ya mwanzoni na "really" ya mwishoni hazibebi habari yoyote. Zinapunguza makali tu, mtu asionekane anajigamba.

"You'd" ndiyo iliyotuchukua muda. "You" hii si wewe unayesikiliza. Ni ileile ya kwetu tunaposema "ukifika Kariakoo jioni unakuta hakuna pa kukanyaga", ambapo anayezungumziwa ni mtu yeyote, na mara nyingi ni msemaji mwenyewe. Na ile "d" ni "would", ila si ya masharti waliyoifundishwa sekondari. Ni ya mazoea yaliyopita, jambo lililokuwa likitokea usiku baada ya usiku. Halafu ikaja "three in the morning". Nusu ya madaftari yalikuwa na saa tatu asubuhi. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, wao usiku wa manane, kwa hiyo ni saa tisa usiku, na hapo ndipo baridi ya mzee ilipoeleweka.

Kabla hata ya maana kuna sauti, na hapo nina ujanja wangu ambao sikuupata chuoni. Mwanafunzi anaposikiliza mara ya kwanza simruhusu kuandika Kiingereza. Anaandika alichosikia kwa tahajia ya Kiswahili. Lugha yetu inaandikwa inavyotamkwa, basi tunayo mashine ya kunasa sauti bure. Darasa lile liliandika "asotafelintuit". Linachekesha ukilitazama, lakini ndicho kilichotoka kinywani mwa mzee. Sisi tunaipa kila silabi haki yake, wa-na-fu-nzi. Mwingereza anakanyaga neno moja kwa nguvu, yaliyobaki anayameza. "Used to" inatoka "yusta", "What do you do?" inatoka "wojudu". Anayesubiri maneno manne yaje yametengana kama yalivyo kwenye karatasi atasubiri sana. Akishaandika "asotafelintuit" ndipo tunaingia humo na kuyatoa maneno moja moja, kama mtu anayechagua mchele.

Baharia wangu lakini hakuwa na shida ya kusikia tu. Akisimuliwa jambo alikuwa anakaa kimya. Kiswahili hakimvumilii msikilizaji wa namna hiyo. Msimulizi lazima asindikizwe: enhe, ehee, kumbe, aisee, weee! Tukihamia Kiingereza tunazivua zote mlangoni pamoja na viatu, tunakaa kama tuko mahakamani, na mwenzetu anadhani ametuchosha. Sasa, "kumbe" yetu moja inafaa popote. Ya kwao inashonwa upya kwa kila sentensi. "I used to keep bees." Kumbe: "Did you?" "I've never been back since." Kumbe: "Haven't you?" "I was a diver then." Kumbe: "Were you?" Inabidi udake kitenzi kisaidizi, au ukichimbue pale ambapo hakikutajwa, umrudishie mwenyewe kwa sauti ya mshangao kabla hajavuta pumzi. Nimewaona wenye shahada wakigonga mwamba hapo. Tunalifanya zoezi hili dakika tano kila siku: mmoja anatupa jambo la ajabu, mwenzake anarudisha. Mara nyingi linaishia kwenye uongo mtupu, watu wanadai wamefuga mamba.

Yapo pia makosa tunayotoka nayo nyumbani, na mazungumzo ya kweli huyaumbua upesi. Tunauliza "How long are you working there?" kwa sababu kwetu ni "una muda gani pale". Tunamwita mama mzazi "he", kwa kuwa "a-" yetu haina mume wala mke. Tunasema "borrow me your pen", maana kuazima kwetu kunakwenda na kurudi. Mengi ya hayo yanasameheka. La hatari ni "yes". Muuguzi wangu yule wa chai alikuwa anajiandaa na OET, mtihani wa Kiingereza cha wahudumu wa afya, ambao sehemu yake ya kuzungumza ina maigizo mawili ya takriban dakika 5 kila moja, wewe ukiwa mhudumu na mwenzako akicheza mgonjwa au ndugu wa mgonjwa. Nikacheza mgonjwa. Nikamuuliza, "Can't I take these two together?" Akajibu "Yes" kwa upole mwingi. Kwa Kiswahili hajakosea: Siwezi kuvimeza pamoja? Ndiyo, huwezi. Mgonjwa wa Kiingereza amesikia ruhusa, na vidonge viko mdomoni. Tangu siku hiyo nimepiga marufuku "yes" na "no" zinazotembea peke yake darasani kwangu. "No, you can't", na urudie kitenzi.

Huhitaji darasa kuyafanya haya. Karibu kila ukoo una mtu Muscat, Toronto au Birmingham, na mtu huyo ana mfanyakazi mwenzake mwenye kazi ya kushangaza. Omba ruhusa, rekodi dakika mbili, zisizidi. Sikiliza hadi uzichoke, kisha umsimulie mtu mwingine ukianza na "he" au "she", uone utakavyojikwaa. Nikiona tangazo la Kiingereza kwa siku thelathini lenye orodha ya maneno elfu moja natamani nimuulize mwenye tangazo ni neno lipi kati ya hayo elfu linalomfanya mtu mwingine aendelee kuongea.

Baharia aliporudi kazini nilimpa swali moja tu: "How did you get into that?" Amuulize yeyote melini na, akikubaliwa, arekodi. Nikamwambia asihangaike kumtafuta Mwingereza. Kiingereza kingi kinachosemwa baharini kinasemwa na watu ambao hakuna hata mmoja aliyezaliwa nacho, na hao ndio atakaokula nao.

Zilipita wiki sita, kisha rekodi ikaingia kwenye WhatsApp. Sahani zinagongana, mashine inanguruma kwa chini. Amemchagua mpishi. Swali linatoka limenyooka, mpishi anacheka, anasema baba yake alifuga majogoo ya kupiganisha, yeye alitaka kuwa daktari wa mifugo, "but I ended up here, my friend". Kijana anasema "Oh!" kwa furaha ya mtu aliyekutana na anayemfahamu. Kisha mpishi anasema, "I have been on ships nineteen years."

"Did you?" anasema kijana.

Ilitakiwa "Have you?". Mpishi hakushtuka. "Yes! Nineteen!" akajibu, na papo hapo akarudi kwa majogoo ya baba yake, lipi lilikuwa jekundu, lipi lilimng'ata jirani, na jinsi yalivyokuwa yanalishwa mayai ya kuchemsha wakati watoto wa nyumba hiyo wanakula wali mtupu. Nilikuwa nimemwomba dakika mbili. Rekodi ina dakika kumi na moja.