Je, wajua kwa nini tamthilia moja ya Kicheki hupewa nyota tano na kuitwa takataka kwa wakati mmoja?

Miaka ya 1970, televisheni ya Czechoslovakia ilikuwa na kipindi kiitwacho Bakaláři. Watazamaji walituma barua zenye visa vya maisha, waandishi wakavigeuza kuwa michezo mifupi, na kila mchezo ukawa na watu wake na mwisho wake. Mtindo huo haukufa. Mwaka 2013 televisheni ya umma ya Jamhuri ya Cheki ilileta Nevinné lži, yaani "Uongo usio na hatia": kila sehemu ni familia nyingine na uongo mwingine.

Watazamaji wengi wa huko hutoa maoni kwenye ČSFD, hifadhidata ya filamu iliyoanza mwaka 2001. Mtazamaji hutoa nyota moja hadi tano, au hubonyeza "odpad!", maana yake takataka. Kila nyota ni asilimia 20, na takataka ni 0. Wastani ukifika 70 rangi huwa nyekundu, na hiyo ni sifa. Kati ya 30 na 69 huwa buluu.

Tatizo liko kwenye wastani huo. Tuchukue mfano wa tamthilia yenye visa vinne vilivyopata 90, 85, 45 na 40. Jumla ni 260, ukigawa kwa nne unapata 65, buluu. Lakini hakuna kisa hata kimoja cha 65! Viwili ni vizuri sana, viwili vimechosha, na namba iliyobaki haielezi chochote kati ya hivyo. Tamthilia ya kawaida huponea kwa wahusika: ukishampenda mama mwenye duka, utamvumilia hata wiki mbaya. Huku, kila sehemu mwandishi anaanza upya, na dakika kumi za kwanza zisipokuonyesha nani ni nani na anaogopa nini, ameshakupoteza.

Idadi ya wapigaji kura nayo hupotosha. Sehemu ya kwanza hutazamwa na wengi wanaojaribu. Ikichosha, wengi hawarudi. Ikiwa watu 400 waliipa 45, na watu 100 waliobaki wakaipa sehemu ya tatu 90, ukihesabu kwa visa unapata 67.5, ukihesabu kwa kura unapata 54. Kazi ni ileile. Ndiyo maana ukurasa wa sehemu mojamoja una thamani kuliko ule wa tamthilia nzima.

Halafu angalia kura zilivyotawanyika. Watu wote wakitoa nyota tatu, wastani ni 60. Nusu wakitoa nyota tano na nusu nyingine nyota moja, wastani ni 60 vilevile. Kwa hadithi za maisha ya kila siku, hali ya pili si ajabu, kwa sababu hakuna maiti wala mpelelezi wa kumvutia kila mtu. Mume anaficha deni, binti hataki kumuuguza baba yake: aliyepitia hayo anajiona, asiyepitia anaona watu wakinywa kahawa jikoni. Kuna maneno mawili ya kuyajua katika maoni hayo. "Ze života", yaani kutoka maishani, ni sifa kubwa. "Nuda" ni kuchosha. Yote mawili huweza kuandikwa juu ya tukio lilelile.

Televisheni ya umma yenyewe hupima kwa njia nyingine: huwauliza watazamaji wameridhika kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Namba hiyo nayo huelekea kupanda, kwani anayejibu ni yule aliyekwisha kukitazama kipindi, na aliyechukia huwa amebadilisha stesheni mapema.

Kwa hiyo unapochagua pa kuanzia, acha sehemu ya kwanza, tafuta sehemu yenye kura nyingi za tano, kisha soma maoni ya waliotoa moja. Wakilalamikia mwendo wa polepole tu, itazame. Wakisema mazungumzo ni ya kubandikwa, yaani watu wanaelezana mambo ambayo mke na mume wanayajua tangu zamani, iruke: huo ni udhaifu wa mwandishi, na hakuna mwigizaji anayeweza kuuficha.