Je, Wajua? Jinsi Wanasayansi Wanavyotafuta Chanzo cha Mwangwi wa Popo na Pomboo

Mlio wa popo hudumu kwa sehemu chache tu za elfu za sekunde, kisha hupotea hewani bila kuacha alama. Mfupa waweza kugeuka jiwe na kukaa ardhini kwa mamilioni ya miaka, lakini sauti haiwezi. Kwa hiyo anayeuliza ni lini mamalia walianza kutambua vitu kwa kusikiliza mwangwi wa milio yao wenyewe, uwezo ambao wataalamu huuita ekolokesheni, anauliza jambo lisilo na ushahidi wa moja kwa moja. Jibu hutafutwa kwenye mifupa, viinitete (watoto wanaokua bado tumboni) na jeni, na taabu ni kwamba mashahidi hao watatu hawasemi jambo moja.

Hata kwa popo aliye hai, uwezo huu ulichelewa sana kuthibitishwa. Katika miaka ya 1790, Mwitalia Lazzaro Spallanzani alionyesha kwamba popo aliyepofushwa huruka bila kugonga vizuizi, naye Louis Jurine wa Geneva akaona kwamba anayepotea njia ni popo aliyezibwa masikio. Kwa kuwa hakuna binadamu aliyesikia mlio wowote, matokeo hayo yalipuuzwa kwa zaidi ya karne moja. Ni mwishoni mwa miaka ya 1930 ambapo Donald Griffin na Robert Galambos, katika Chuo Kikuu cha Harvard, walitumia chombo cha kunasa sauti zinazopita upeo wa sikio letu, ambalo hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, wakainasa milio ya popo. Popo hawezi kuridhika na sauti nzito, kwa sababu wimbi refu humpita mdudu mdogo bila kurudisha mwangwi wa maana, ilhali wimbi la mitetemo 34,000 kwa sekunde lina urefu wa takriban sentimita moja tu hewani. Aidha, sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde, hivyo mwangwi wa kitu kilicho umbali wa mita moja hurudi baada ya sehemu sita hivi za elfu za sekunde. Sikio la kupima muda mfupi kiasi hicho halifanani na sikio la kawaida, na hapo ndipo mifupa inapoanza kutoa ushahidi.

Ndani ya sikio la karibu kila mamalia mna koklea, mfereji uliojiviringa kama gamba la konokono. Kwa popo wanaotumia mwangwi, koklea huwa kubwa ukilinganisha na fuvu. Popo hao wana alama nyingine pia: kijifupa kinachotoka upande wa zoloto hugusana au huungana na mfupa unaozunguka kiwambo cha sikio. Mwaka 2008 ilitangazwa spishi ya kale iitwayo Onychonycteris finneyi, iliyochimbwa Wyoming, Marekani, katika miamba yenye umri wa miaka milioni 52 hivi. Popo huyo alikuwa na kucha kwenye vidole vyote vitano vya kila bawa na bila shaka aliweza kuruka, lakini koklea yake ilikuwa ndogo. Waliomchunguza walihitimisha kwamba popo waliruka kwanza, na mwangwi ukafuata baadaye. Miaka miwili haikupita kabla ya watafiti wengine kudai kwamba kile kijifupa cha zoloto kilikuwa kimeungana na mfupa wa sikio, na kwamba huenda mnyama huyo alitumia mwangwi. Wa kwanza wakajibu kwamba kisukuku, yaani mabaki yake yaliyogeuka jiwe, kimebanwa na mwamba kikawa bapa, hivyo mifupa inayoonekana kuungana huenda imesukumwa tu pamoja. Kwa maoni yangu jibu hilo lina uzito, ingawa kisukuku kilichobanwa hakimthibitishii yeyote kati yao.

Ugomvi huo ungekuwa mdogo kama ukoo wa popo ungekuwa rahisi kuupanga. Zamani waligawanywa katika makundi mawili: popo wakubwa wa matunda, ambao kwa kawaida hutegemea macho na pua, na popo wadogo wanaotumia mwangwi. Uchunguzi wa jeni, hasa kuanzia karibu na mwaka 2000, uliuvuruga mgawanyo huo, kwani ulionyesha kwamba baadhi ya popo wanaotumia mwangwi, wakiwemo wale wa jenasi Rhinolophus, ni ndugu wa karibu zaidi wa popo wa matunda kuliko wa popo wadogo wengine. Hapo zikabaki njia mbili. Ama babu wa popo wote alitumia mwangwi na popo wa matunda wakaupoteza, ama uwezo huo ulizuka mara mbili katika matawi mawili tofauti. (Wapo popo wa matunda wa jenasi Rousettus ambao hupiga mwangwi kwa kualika ulimi, si kwa zoloto, wanaonekana kuubuni upya kwa njia yao wenyewe.)

Viinitete viliitwa kuamua, na vikaligawa baraza. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba koklea ya popo wa matunda, akiwa bado tumboni, huanza kwa ukubwa unaofanana na wa popo wanaotumia mwangwi, kana kwamba mwili unakumbuka chombo ambacho mababu walikuwa nacho. Mwaka 2021 watafiti wengine, wakifuatilia jinsi mifupa ya sikio na ya koo inavyokua, walihitimisha kinyume chake, yaani chanzo ni zaidi ya kimoja. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba mfereji wa neva ndani ya koklea umejengwa kwa namna tofauti kabisa katika matawi hayo mawili: katika moja una kuta nene kama wa mamalia wengine, na katika jingine kuta zina matundu makubwa au hazipo. Tofauti hiyo haithibitishi chanzo cha pili, lakini inaeleza vizuri kwa nini popo wa tawi hilo la pili wametofautiana mno katika milio yao.

Kwa upande wa jeni, kisa kilichovutia wengi ni cha prestini, protini inayoziwezesha chembe fulani za sikio la ndani kuitikia sauti za juu sana. Mwaka 2010, wataalamu walipochora ukoo wa mamalia kwa kutumia prestini peke yake, pomboo aliangukia miongoni mwa popo wanaotumia mwangwi, ingawa ndugu zake halisi wamo kwenye kundi la ng'ombe na viboko. Mwaka 2013 ikadaiwa kwamba jeni karibu 200 zinaonyesha mfanano wa aina hiyo. Kisha mwaka 2015 makundi mawili tofauti ya wachunguzi yakauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa tangu mwanzo: je, popo na ng'ombe, ambaye hatumii mwangwi wowote, wanafanana kiasi gani? Ilionekana kwamba wanafanana karibu sawa na popo na pomboo. Prestini haikukanushwa, lakini zile jeni 200 zilipoteza uzito mkubwa.

Pomboo na nyangumi wengine wenye meno hawana utata kama huo, kwa kuwa chombo chao ni tofauti kabisa: sauti hutengenezwa katika njia za pua, hulengwa na uvimbe wa mafuta kwenye paji la uso, na mwangwi hupokewa kupitia mafuta ya taya la chini. Fuvu la Cotylocara macei, lenye umri wa miaka milioni 28 hivi na lililoelezwa mwaka 2014, tayari lina dalili za chombo hicho.

Katika mjadala wa popo, shahidi mpya ni panya. Mwaka 2021 ilithibitishwa kwamba panya wa miti wa jenasi Typhlomys, wa Asia, hukwepa vizuizi gizani kwa milio ya juu, na kwamba kile kijifupa cha zoloto, ambacho hadi hapo kilijulikana kuungana na mfupa wa sikio kwa popo tu, kimeungana kwao pia. Panya huyo haruki. Kumbe mnyama mdogo wa usiku anayepanda miti aweza kuwa na mwangwi bila kuwa na mbawa, na wanaosema kwamba babu wa popo alipiga mwangwi kabla ya kuruka wana mfano ulio hai. Wanachokosa ni kisukuku: kila popo wa kale aliyechimbwa hadi sasa tayari ana mbawa kamili.