Kuba la zege, ngoma za sabar na magodoro ya hosteli

Watu wakisikia chuo cha teknolojia wanawaza maabara na mahesabu tu, wanashangaa nikiwaambia MIT kule Marekani ina okestra yake, ina vikundi vya maigizo, ina kundi la gamelan toka 1993, yaani ule muziki wa magongo na vyombo vya shaba vya kugonga wa kisiwa cha Bali, Indonesia, na ina Rambax, wanachuo wanaopiga sabar, zile ngoma za Senegal. Mimi kazi yangu ni sauti, nafunga spika na kukaa kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti, kwahiyo ninachoangaliaga kwanza ni ukumbi, msanii baadae.

Ukumbi wao mkubwa unaitwa Kresge, alichora msanifu majengo Eero Saarinen, ulifunguliwa 1955. Viti zaidi ya 1,200 chini ya kuba moja la zege, yaani chukua tufe ukate kipande cha moja ya nane, halafu kipande chenyewe kimegusa ardhi kwenye pembe tatu tu. Kwa macho ni uzuri mtupu. Ila kwa sisi watu wa sauti kuba ni kesi nzito, maana linafanya kazi kama dishi la satelaiti, linakusanya sauti na kuimwaga sehemu moja, aliyekaa pale inamjia mara mbili na wa pembeni haambulii kitu. Ndio maana mafundi wakaning'iniza vibao hewani chini ya kuba, wenyewe wanaviita mawingu, vinafyonza sauti na kuielekeza kwa watu, na humohumo wamepitisha taa, spika na hewa. Kazi safi sana ile.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui: muziki na maigizo haviutaki ukumbi mmoja. Piga kofi moja kwenye ukumbi mtupu usikilize sauti inachukua muda gani kufa. Okestra inapenda karibu sekunde 2, violini zinashikana vizuri. Mwigizaji anataka sekunde 1 au chini ya hapo, la sivyo neno linakanyagwa na neno. Na sabar ndio kabisaaa, inapigwa fimbo mkono mmoja na kiganja mkono wa pili, mapigo yanakimbizana, ukumbi ukiwa na mwangwi mrefu pigo la kwanza halijafa la tano limeshafika, mdundo wote unakuwa uji. Nilifurahi sana 2025 walipofungua jengo jipya la muziki jirani na Kresge, ngoma na gamelan zikapata chumba chao.

Aliyetufundisha haya ni Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia chuo kikuu cha Harvard, alianza 1895 na ukumbi wa mihadhara ambao sauti ilikuwa inakaa hewani zaidi ya sekunde 5. Usiku alikuwa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anaipanga, anapuliza bomba la kinanda, anahesabu sekunde mpaka sauti ipotee, kisha anaongeza mito, na mito ikizidi sauti inakufa mapema.

Mwenyewe niliitwa chuo fulani cha ufundi kwenye maigizo, ukumbi ni ule wa mitihani, kuta za saruji, vioo, bati juu. Kwenye mazoezi binti anayecheza mama anamlilia mwanae, kilio unakisikia vizuri ila maneno hakuna hata moja, na kila mtu ananipigia kelele ongeza sauti, ongeza sauti. Ukiongeza spika na mwangwi nao umeuongeza, jamani! Nikawaomba vijana walete magodoro ya hosteli, tukasimamisha kama 40 ukuta wa nyuma na pembeni, tukapunguza spika badala ya kuongeza. Binti akarudia. Nikiwa mstari wa mwisho nikasikia mpaka anavyovuta pumzi kabla ya kutamka "mwanangu".

Asubuhi yake vijana wawili wa uhandisi wa majengo wakaja na futi kamba, wakapima ukumbi mzima, urefu, upana, kimo, wakakaa sakafuni kupiga hesabu bendi ikija itatolewa magodoro mangapi.