Mtoto Aliyelegea Hajalala: Maswali na Majibu kwa Wazazi Wanaosafiri Mwisho wa Mwaka

Kila Desemba familia nyingi huondoka Dar es Salaam alfajiri kuelekea Moshi, Arusha, Mbeya au Bukoba, na sisi tunaofanya kazi katika vituo vya afya vilivyo kando ya barabara kuu tunajua kwamba ikifika mchana tutawapokea watoto wenye midomo mikavu na macho yaliyodidimia, wakiwa mikononi mwa wazazi wanaotueleza kwamba mtoto "alikuwa amelala tu". Maswali mengi yaliyo hapa chini tunaulizwa mtoto akiwa tayari kitandani, ilhali yalipaswa kuulizwa kabla ya tiketi kukatwa.

Je, ni kweli kwamba mtoto asinyweshwe maji siku ya safari, ili asitapike wala asisumbue kwa kutaka kujisaidia?

Si kweli, na ni desturi inayotuletea wagonjwa kila mwaka. Mtoto mdogo hupungukiwa maji upesi kuliko mtu mzima, na ndani ya gari lenye joto hutoka jasho muda wote hata kama halionekani. Anayeanza safari bila maji anakuwa amekwisha kupungukiwa kabla hajaugua chochote, kwa hiyo akitapika mara mbili au tatu tu baada ya Chalinze, huenda akafika Same akiwa hoi. Mpeni mafunda machache kila baada ya nusu saa. Aliye chini ya miezi 6 anyonyeshwe mara nyingi zaidi, wala asipewe maji, kwa sababu maziwa ya mama yanamtosha. Kuhusu kujisaidia, anayesafiri kwa basi amweleze kondakta mapema na amvalishe mtoto nepi hata kama alikwisha kuacha kuivaa. Anayeendesha gari lake mwenyewe hana udhuru wa kutosimama.

Kwa nini watoto hutapika garini?

Sehemu ya ndani ya sikio huhisi mwendo wakati macho yanatazama kiti au simu isiyosogea, na ubongo ukipokea habari hizo mbili zinazopingana, kichefuchefu huanza. Hali hii huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12. Mketisheni mtoto mahali anapoona mbele, mnyang'anyeni simu hasa kwenye kona za mlima Kitonga, fungueni dirisha kidogo, na mpeni chakula chepesi saa moja au mbili kabla ya kuondoka badala ya kumwacha na njaa au kumshibisha chipsi mayai. Kulamba ndimu hakuna madhara kwa mtoto mkubwa. Bebeni pia kopo lenye mfuniko, maana tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, wapo wazazi wanaosafiri bila chochote cha kutapikia.

Zingatieni jambo moja: kichefuchefu cha gari ni nadra kwa mtoto aliye chini ya miaka 2. Mtoto wa umri huo akitapika mfululizo, msilisingizie gari. Mchukulieni kuwa mgonjwa mpaka apimwe.

Nimpe piritoni ili alale njia nzima?

Hapana. Piritoni ni dawa ya mzio, na usingizi unaouona ni athari yake ya pembeni. Kijiko cha nyumbani hakipimi dozi sawasawa, na wapo watoto ambao badala ya kulala huhangaika na kulia zaidi. Promethazini, ambayo baadhi ya wazazi huinunua kwa ajili ya kutapika, haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2 kwa kuwa inaweza kumzuia kupumua vizuri. Kinachotuudhi zaidi ni kwamba mtoto aliyelazwa kwa dawa hawezi kuwaonyesha wazazi wake kwamba anaumwa.

Ameanza kuharisha njiani. Je, tusubiri tufike ndipo tumtibu?

Hapana, msisubiri. Anzeni kumpa maji ya ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kumrudishia anayeharisha maji aliyopoteza) gari likiwa linaendelea na mwendo, jambo linalowezekana tu ikiwa pakiti zilikuwa mkobani tangu nyumbani. Kila anapoharisha, mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, na aliyezidi umri huo apewe mililita 100 hadi 200, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subirini dakika 10 kisha mwendelee taratibu. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Someni kipimo kwenye pakiti. Ile ya kawaida huchanganywa na lita 1 kamili ya maji salama, lakini wengi huimimina yote kwenye chupa ya lita moja na nusu, ikawa hafifu, au kwenye ya nusu lita, ikawa kali na ya hatari. Kwa pakiti ya lita 1, tumieni chupa mbili za nusu lita mkiwa na chombo cha kuchanganyia, na kitakachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Soda na juisi za dukani si mbadala, kwa kuwa sukari yake nyingi huzidisha kuharisha.

Nitajuaje kama mtoto amelala au amelegea?

Mwamsheni. Hakuna njia nyingine, na hofu ya kwamba ataanza kulia isiwazuie, kwa sababu kilio chenye nguvu na machozi ni habari njema. Mtoto aliyelala huamka, hukutazama na hupokea maziwa au maji. Aliyelegea hufumbua macho kidogo na kuyafumba, shingo haina nguvu, na kikombe kikiwekwa mdomoni hanywi. Tazameni pia kama macho yamedidimia, kama utosi wa mtoto mchanga umebonyea, kama nepi imekaa kavu kwa saa nyingi, na kama ngozi ya tumbo ikifinywa inachelewa kurudi. Mtoto anayetapika au kuharisha aamshwe kila gari linaposimama, na asiachwe alale "ili apumzike" kutoka Morogoro hadi Iringa.

Asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au asiyeamka vizuri, apelekwe kituoni wakati huohuo.

Lakini tumebakiza saa tatu tu, na huko tuendako kuna daktari anayemfahamu. Tusifike kwanza?

Shukeni. Tunalijibu swali hili kila msimu na jibu halijabadilika: shukeni kwenye kituo kilicho karibu. Mtoto aliyefikia hali hiyo huhitaji maji ya mshipa au ya mrija unaopitishwa puani, na saa tatu ni muda unaotosha kumpoteza. Ukielekea kaskazini kuna huduma Chalinze, Korogwe na Same. Ukielekea Mbeya kuna Morogoro, Mikumi na Iringa, na wahudumu wa huko wana ujuzi uleule alio nao daktari wenu kuhusu kumrudishia mtoto maji. Nauli iliyopotea italipwa tena. Nanyi wajomba na mashangazi mnaopiga simu kuuliza "mmefika wapi", msiwaharakishe. Wazazi wameshuka, na wamefanya sawa.

Na akipata homa njiani?

Mpunguzieni nguo, mpeni maji, na parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, kisha apimwe malaria kwa kipimo cha haraka katika kituo cha kwanza mtakachokifikia, bila kukisia na kununua dawa dukani. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa hapewi dawa nyumbani wala garini. Anapelekwa hospitali moja kwa moja.

Tunaweza kumwacha amelala garini wakati tunakula?

Hapana, hata kwa dakika 10 na hata kama dirisha liko wazi kidogo. Gari lililosimama juani hupata joto haraka sana, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima.

Tulifika salama na kuharisha kumekoma siku ya tatu. Je, tuache vidonge vya zinki tulivyopewa kituoni?

Msiviache. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama. Mkirudi Dar es Salaam kabla ya siku hizo kwisha, vilivyobaki mrudi navyo pamoja na kadi ya kliniki.